Mwimbaji wa Kwanza wa Kifusi

Jumamosi, katikati ya Julai. Upepo tangu alfajiri.

Upepo wa leo umeamka na ugomvi. Umeng'oa bango la duka la jirani, umetia vumbi kwenye chai yangu, na umewasukuma kuku wa mama mwenye nyumba mpaka barabarani. Nami niliamka hivyohivyo. Nilikuwa na hamu ya kumwona mtu akidhalilika, na nilijua saa na mahali pa kwenda kumwona.

Naandika kila kitu kama kilivyo. Blogu hii ina wasomaji tisa, na wawili kati yao ni mimi, kwa simu yangu na kwa simu ya kazini. Sina wa kumwonea haya.

Kwa wale saba waliobaki: jina langu la nyumbani ni Yona. Nauza mbegu na dawa za mimea kwenye duka la pembejeo hapa Singida mjini. Lakini kwa miaka mitatu kuna watu walioniita Ngurumo, kwa sababu nilikuwa mwimbaji wa Kifusi, bendi yetu ya metali. Kama hujui metali ni nini, ni ule muziki wa magitaa yanayokwaruza na mwimbaji anayeunguruma kana kwamba anang'olewa jino. Watu wa hapa wakiusikia mara ya kwanza huuliza nani kaumia. Sisi tunaoupenda tunaupenda kwelikweli, na kwa kuwa tuko wachache, tunachukiana vizuri sana.

Mwaka jana nilifukuzwa. Nilichelewa mazoezi mara ya nne, na Deo, mpiga gitaa ambaye ndiye mtunzi wa nyimbo zote, akaniuliza kwa upole kama bado naitaka bendi. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba bendi ni mimi, wao ni wabeba vyombo wangu.

Deo hakugombana. Alisema, "Basi ondoka nayo."

Nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikajipapasa mifukoni, nikakuta funguo za chumba na leso. Bendi ilibaki kulekule nilikoiacha.

Nafasi yangu alipewa Zena.

Zena ni binti wa Kintinku, ana miaka ishirini na tatu. Kazi yake ni kutangaza mitumba minadani. Leo Manyoni, kesho kutwa Itigi, anasimama juu ya meza na maiki, na anaweza kumfanya mchunga ng'ombe aliyekuja kununua dawa ya kupe arudi nyumbani na koti la suti. Sauti ndiyo jembe lake. Deo alimsikia mnadani akiita wateja kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri bila kukauka, akamsubiri ashuke mezani, akamuuliza kama amewahi kusikia metali. Hakuwahi. Baada ya miezi miwili alikuwa anaunguruma.

Na alikuwa mzuri. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Alikuwa mzuri kuliko mimi.

Ndiyo maana nilimchukia.

Mashabiki wana kundi lao la simu, linaitwa Wanakifusi Halisi, na kwa miezi minane kundi hilo limekuwa na swali moja tu: bendi ikibadilisha mwimbaji, bado ni bendi ileile? Mvua zimekuja na kuondoka, watu wawili kundini wameoa, mmoja amefiwa na baba, na swali liko palepale. Mtu anatangaza msiba asubuhi, anapewa pole nne, halafu Imran anaandika, "Tukirudi kwenye hoja ya jana."

Imran ni wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Anauza misumari huku hedifoni kubwa zikiwa shingoni, na akisikiliza rekodi hufumba macho kama anapimwa presha. Kwake yeye sauti ndiyo sura ya bendi. Ukiibadilisha sura, anasema, usije kwangu na jina la marehemu. Anayempinga ni Mwalimu Joeli, mwalimu wa fizikia kule Ulemo. Mwalimu anasema bendi ni nyimbo, nyimbo ni za Deo, na mwimbaji ni chombo kama chombo kingine. Wakichoka kubishana kwa maandishi wanatumiana sauti za dakika saba saba.

Mimi nilikuwa nazisikiliza zote. Kila siku. Nikiwa nampimia mtu mbegu za alizeti, sikio moja liko kwa mteja, jingine linasikiliza watu wakinililia. Hakuna asali iliyowahi kuwa tamu hivyo.

Lakini kulia kwao hakukunitosha. Nikanunua laini ya pili, nikaingia kundini kwa jina la Mkongwe, nikajifanya shabiki wa zamani kutoka Dodoma. Mkongwe ndiye aliyeandika, "Huyu dada hata akiimba anatangaza mitumba." Watu walicheka siku mbili. Kufikia wiki iliyofuata hakuna aliyemwita Zena tena. Walimwita Mitumba. Deo alipoomba waache, Mkongwe akamjibu kwamba mashabiki wana haki ya kutaka kitu kipya cha dukani.

Nilijisifu kwa mstari ule kuliko wimbo wowote niliowahi kuimba.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Imran na Mwalimu Joeli walipingana juu ya kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Wote wawili waliamini kwamba kwenye rekodi yetu ya kwanza, ile iliyotupatia jina, chini ya sauti yangu kuna sauti nyingine. Ukisikiliza vizuri unaisikia: mngurumo mzito, unashuka kila ninapoanza mstari, halafu unapanda nao taratibu. Imran aliiita "sauti mbili katika kifua kimoja." Mwalimu aliwahi kuchora mbavu na mapafu kwenye ubao wa darasa lake, akapiga picha, akatuma kundini na mishale ya kuonyesha jinsi ninavyofanya. Na wote wawili walikubaliana kwamba Zena hana kitu hicho. Ana pumzi, ana ukali, maneno yake yanasikika. Lakini ya chini hana.

Ya chini hata mimi sina.

Wakati tunarekodi nilikuwa Iguguno, napima magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Wenzangu walisharekodi vyombo vyao mjini. Deo alinipa wimbo kwenye simu na maiki ya kuazima, nikarekodi sauti peke yangu nikipata nafasi. Nilijaribu mara moja kwenye chumba nilichopanga. Majirani wakaja na mchungaji, na mchungaji akaja na mafuta ya upako. Basi nikabaki na mahali pamoja tu ambapo mtu angeunguruma bila kuombewa, ndani ya banda la mashine.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Tajiri mwenye mashine alisema haizimwi hata kwa msiba. Sikuwa na cha kusimamishia maiki, nikaifunga kwa mpira wa tairi kwenye nguzo ya banda. Nguzo ile imefungwa pamoja na fremu ya mashine, na inatetemeka mchana kutwa.

Niliposikiliza jaribio la kwanza nilitaka kulifuta. Halafu nikasikia kitu. Kila Mzee Shabani, mwenzangu wa kulisha mashine, alipomwaga gunia jipya, mashine ililemewa, injini ikashuka chini kabisa, halafu ikajikusanya na kupanda. Nikaona inapendeza. Siku ya pili nikawa namvizia. Nikimwona anainua gunia, navuta pumzi. Akimwaga, naanza mstari. Tulifanya hivyo siku nne, mimi na yeye na injini, na Mzee Shabani akidhani nimechanganyikiwa kidogo kwa sababu ya jua.

Nikapeleka rekodi mjini, nikasubiri Deo acheke. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kifuani.

"Umeitoa wapi hii?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Ndani."

Jukwaani spika zetu zilikuwa mbovu na watu walikuwa wanaruka, hakuna aliyesikia lolote. Mtu mmoja akaeneza kwamba Ngurumo huificha ile sauti akiwa jukwaani, anaitunza isije ikamuua. Sikuanzisha uongo huo. Nilikaa tu kimya na kuukubali kwa kichwa, na wakati mwingine niligusa koo langu mbele za watu, hivi, kwa vidole viwili.

Mwezi wa tatu mwaka huu Zena alikuja dukani kwangu.

Ilikuwa siku ya mvua, amelowa mabega, ana soda mbili ndani ya mfuko, moja yangu. "Shikamoo, kaka," alisema, na alinyenyekea kabisa, kama anavyomsalimia kaka mkubwa wa nyumbani kwao. Niliitikia marahaba bila kumpa kiti. Aliniambia kundini wanamsumbua, hasa mtu mmoja anaitwa Mkongwe. Kisha akasema hana kinyongo naye, maana huenda mtu huyo anaipenda bendi kuliko wote.

Nilifungua soda yake nikanywa.

Akaniomba nimfundishe ile ya chini. Alikuwa na daftari lake la jalada la bluu, lile analoandikia oda za wateja wake wa minadani, akalifungua kabisa ukurasa mpya. Na kabla sijasema neno akauliza hivi:

"Kaka, usinielewe vibaya. Mnadani jenereta ikiwa karibu na maiki, sauti yangu inakuwa nene, watu wanadhani ni mwanaume. Kwenye ile rekodi yako, hakukuwa na jenereta? Au mashine yoyote?"

Alikuwa ameshafika. Imran na hedifoni zake, Mwalimu na mishale yake, miaka yote hiyo wameikosa. Huyu ameipata kwa sababu amefanya kazi ya kweli na maiki ya kweli kwenye vumbi.

Nilishikwa na hofu, na hofu ikanifanya mkali. "Unanifananisha na jenereta ya mnadani?"

Akainamisha kichwa, akaomba radhi, akaniomba tena. Alidhani amenitusi.

"Ni sauti tu," nikamwambia. "Iko chini ya koo. Sukuma mpaka ichome. Ikichoma usiache, hapo ndipo inafunguka."

Akaandika neno kwa neno.

Kila anayeunguruma anajua ni kinyume chake. Ikichoma unaacha, unakunywa maji, unarudi kesho. Ni jambo la kwanza kabisa unalofundishwa. Kwa hiyo nisijidanganye hapa kwamba nilimtania, au kwamba nilidhani ataniona mwongo. Nilijua ninachofanya. Nilitaka aharibike kidogo. Nilitaka akauke wiki mbili, ashindwe onyesho moja, na watu waseme tulisema.

Sikutaka yaliyotokea. Lakini sijui kama hilo lina uzito wowote.

Wiki mbili zilizopita, mazoezini, Zena alisukuma mpaka ikachoma na hakuacha. Deo alikuwa anarekodi kwa simu. Anasema alisikia kitu kama kitambaa kinachanwa, akadhani ni spika. Zena alikohoa kwenye kiganja, akakitazama, akakifuta kwenye sketi ili wenzake wasione damu. Daktari aliyempima amesema nyuzi za sauti zimechanika. Asiseme neno, hata kwa kunong'ona, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo ataweza kuongea. Kupaza sauti, daktari alisema tusubiri tuone, kwa ile namna ya daktari ambaye ameshaona.

Minada yote miwili wameshamweka mtu mwingine mezani.

Unajua Mkongwe aliandika nini habari zilipofika kundini? Aliandika, "Poleni familia." Nilifikiri sana kabla ya kuchagua neno familia.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Imran aliitisha Wanakifusi wote saa nane mchana kwenye kibanda cha kuku choma tunachokaaga, ili swali la mwimbaji limalizwe ana kwa ana. Mimi niliitwa kama mgeni wa heshima. Deo alisema atakuja na Zena. Huyo ndiye mtu niliyeamka na hamu ya kumwona. Nilipiga pasi shati.

Walikuja watu kumi na tisa, wameshikilia kofia zao kwa upepo. Nilipewa kiti chenye mgongo. Imran alileta spika kubwa ya dukani kwao, Mwalimu Joeli alikuja kutoka Ulemo na karatasi zake, na mjadala ukaanza kabla kuku hawajageuzwa.

"Basi likibadilisha dereva, njia ni ileile," Mwalimu alisema.

"Lakini mimi nimepanda kwa sababu ya dereva," Imran akajibu. "Ukiniwekea mwingine nashuka."

"Utashuka porini?"

"Nashuka. Natembea kwa miguu mpaka Manyoni."

Watu wakacheka, wakagawanyika, wakapiga meza kwa ngumi. Kijana mmoja mwenye fulana nyeusi alisema bendi nzima ivunjwe ibaki rekodi. Mwingine alisema asiyemkubali mwimbaji mpya hajui muziki, akaulizwa huyo mwimbaji mpya yuko wapi sasa hivi.

Ndipo Deo akaingia na Zena.

Amekonda. Shingoni amefunga kitambaa cha kitenge, na lile daftari la bluu limening'inia kifuani kwa uzi, na kalamu juu yake. Ni kitu cha kuona, jinsi watu wanavyobadilika. Wale waliomwita Mitumba kwa miezi mitano walisimama kumpa viti, viti vitatu kwa mpigo. Pole dada. Pole sana mdogo wangu. Mmoja akamuuliza anaendeleaje halafu akakumbuka hawezi kujibu, akajichekesha. Zena aliwaitikia wote kwa mkono kifuani. Alipofika kwangu alipinda goti, shikamoo ya kimya. Niliitikia kwa sauti.

Nilikuwa nimesubiri kuifurahia dakika hiyo. Nilikaa nikaitafuta furaha yenyewe na sikuiona.

Imran akasema ana kitu. Deo alikuwa amempa rekodi ya yale mazoezi ya mwisho, na Imran aliisikiliza wiki nzima. "Nataka mniambie mnasikia nini," alisema, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Zena. Inapanda, inabana, unamsikia anatafuta kitu chini. Halafu, katikati ya mstari, ikachanika. Kwa muda wa pumzi moja zikasikika sauti mbili, ya juu na nyingine mbovu chini yake, kisha kikohozi.

"Hapo!" Imran alipaza sauti. "Hapo! Mmesikia? Ameipata! Ameipata mwishoni kabisa!"

Na watu wakapiga makofi.

Wakamwomba arudishe nyuma. Akairudisha. Zena akachanika tena, wakapiga makofi tena, mmoja akapiga mluzi. Mwalimu Joeli alivua miwani akasema sasa anakiri, huyu alikuwa mwimbaji wa Kifusi kwa haki yote, pale mwisho alikuwa amefikia. Imran akairudisha mara ya tatu. Walikuwa wanamtazama Zena kwa mapenzi. Kwa mapenzi kabisa. Miezi minane walimnyima, na leo wanampa yote kwa sababu ya ile sekunde moja aliyoumia.

Kibaya zaidi ni kwamba Zena alikuwa anatabasamu.

Alichukua daftari, akaandika, akanisogezea mimi, si Imran wala Deo. Kwa mwandiko mdogo wa oda: "Kaka, nilifika?"

Najua watu wanaosema ukweli kwa sababu ni wema. Mimi sikuusema kwa hilo. Nilisema kwa sababu nisingeweza kuisikia rekodi ile mara ya nne, na Imran alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe.

"Hakuna pa kufika," nilisema. "Ile ya chini si sauti. Ni mashine ya alizeti ya Iguguno."

Nikaeleza yote, nguzo, mpira wa tairi, Mzee Shabani na magunia. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, jasho likinitoka kwenye lile shati la pasi.

Mwalimu Joeli ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka kwa upole, kama ninavyodhani anavyomchekea mwanafunzi aliyekosea vizuri.

"Ngurumo, mimi nafundisha mambo haya. Mashine ina mwendo wake mmoja. Sauti ile inashuka na kupanda pamoja na maneno ya wimbo, mstari kwa mstari. Injini inajuaje mashairi?"

"Nilikuwa namfuata Mzee Shabani."

"Siku nne? Bila kukosea?"

Nikasema ndiyo. Wakacheka wote, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kibaya zaidi. Waliguswa. Imran alinishika bega, macho yamelowa. Akawaambia wenzake watazame, huyu ndiye mtu, anakubali kujiita mwongo mbele yetu ili huyu binti asijione ameshindwa. Kijana wa fulana nyeusi akasema hajawahi kuona unyenyekevu kama huo. Mtu akaniwekea paja la kuku kwenye sahani. Deo, ambaye hakuwa ameongea nami tangu mwaka jana, alinijia, akanikumbatia, akasema mbele ya wote kwamba mlango uko wazi, nirudi, Kifusi bila mimi si Kifusi.

Swali la miezi minane likawa limejibiwa. Wakapiga meza na kuimba jina langu.

Kati ya wote waliokuwa pale, mmoja tu hakuimba.

Zena alikuwa anafunua daftari kurudi nyuma. Alipita majibu aliyomwandikia daktari, akapita ujumbe kwa mama yake, akapita oda, suruali za jinsi, mashuka, makoti. Akasimama kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu. Niliuona nikiwa nimekaa. Maneno yangu yalikuwa pale, sukuma mpaka ichome, amepigia mstari mara mbili.

Alichukua kalamu, akaandika neno moja chini yake. Akaligeuza daftari lielekee kwangu, akalishika hivyo, na upepo ukawa unazipigapiga pembe za karatasi.

"Nilikuuliza."

Kisha akalifunga, akamgusa Deo mkono aondoke naye. Watu walimsindikiza kwa makofi.

Ni saa kumi na mbili jioni sasa, upepo haujatulia. Kundini wanaandika karibu nyumbani Ngurumo, na Imran ameweka ile rekodi ya Zena juu kabisa ili kila anayeingia aisikie kwanza. Nimemwomba aitoe. Amenijibu kwamba nina moyo mkubwa.

Mkongwe ni mimi. Nalisema hapa kwanza, kisha nitaliweka kundini pamoja na andiko hili lote. Wakisema ni unyenyekevu tena, watakuwa na kitu cha kusikiliza.

Nimempigia Mzee Shabani. Bado yupo Iguguno, na msimu huu mashine inakamua mpaka Jumapili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama bado napiga zile kelele zangu pembeni ya injini. Nikamwambia kesho nakuja na gari la kwanza. Nitaifunga simu kwenye nguzo ileile, yeye atamwaga magunia yake kama kawaida, na mimi nitakaa nimefunga mdomo mpaka amalize.

Halafu nitawatumia. Wamsikie mwimbaji wao wa kwanza akiwa peke yake. Zena sitamtumia. Yeye alimsikia tangu mwezi wa tatu.